Benchi ya Nkambo

1. Benchi ya kwanza

Katika mtaa wa Hewa Bora, mjini Lubumbashi, ilikuwako jamaa moja: baba, mama, watoto wanne, na mama mzazi wa baba, ambaye watoto walimwita nkambo, yaani bibi. Nyumbani mwao mlikuwa na viti viwili tu. Wageni walipofika, walipewa viti hivyo. Nkambo alikaa juu ya mkeka, ijapokuwa magoti yake yalimwuma kila alipotaka kuinuka. Watoto nao waliandika kazi zao za shule sakafuni, madaftari yakiwa juu ya mapaja.

Baba alisema, "Benchi ya dukani ni ghali. Nitaiunda mwenyewe." Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati wa mvua. Alikwenda barabarani, akanunua mbao kwa bei ndogo. Mbao zile zilikuwa nzito sana, nazo zilinukia mti mbichi. Jumamosi moja asubuhi akakata, alasiri akapiga misumari, na jioni benchi ilikuwa tayari. Watu wote wa nyumbani walifurahi, na baba akasifiwa.

Furaha ile haikudumu. Mwezi wa Mei mvua ilikuwa imekwisha, hewa ikakauka. Ubao wa kukalia ukaanza kupinda kama jani la mgomba juani. Ufa ukaonekana kwenye ncha yake. Misumari ikalegea. Mwezi wa Julai nkambo aliketi kando ya benchi ili aoteshe mikono yake kwenye mbabula. Mara mguu mmoja ukachomoka, naye akaanguka. Shukuru kwamba hakuangukia moto! Mfupa haukuvunjika, lakini kwa siku nyingi hakuweza kusonga bukari kwa mkono wake wa kuume.

Baba aliona haya. Akaokota vipande vya benchi ili avitie motoni.

2. Makosa matatu

Jirani yao alikuwa mzee seremala. Alisikia kishindo, akaja kumpa nkambo pole. Kisha akamwambia baba, "Mwanangu, usivichome kwanza. Vilete hapa tuvitazame. Kitu kilichovunjika hufundisha."

Akaokota ubao wa kukalia, akasema, "Kosa la kwanza ni hili. Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Lakini ubao mbichi haungoji kukunjwa, hujikunja wenyewe."

Binti wa nyumba ile, aliyekuwa mwaka wa tano shuleni, akauliza, "Mzee, mbona urefu wake haukupungua, ila upana tu?"

Mzee akafurahi kuulizwa. Akaeleza hivi: Mti ulio hai umejaa maji. Nyuzi zake zimelala kwa urefu, kama mirija mingi iliyofungwa pamoja. Maji yakitoka, kila mrija husinyaa na kuwa mwembamba, lakini hauwi mfupi ila kidogo mno. Kwa hiyo ubao unaokauka hupungua upana, wala urefu wake haubadiliki sana. Upande mmoja ukikauka upesi kuliko wa pili, ubao hupinda. Na tundu la msumari nalo hubadilika, hata msumari hushika kidogo tu.

Akaendelea kusema, "Kosa la pili: miguu haikusimama sawa, kwa maana hukupima pembe. Kosa la tatu: uliunga kwa misumari peke yake. Msumari uliopigwa kwenye ncha ya ubao, kwa kufuata nyuzi, hushika vibaya. Ukiyumba leo kidogo na kesho kidogo, hutoka."

Baba akasema, "Mzee, ukweli ni kwamba sina fedha ya kununua mbao nzuri."

Mzee akajibu, "Sikusema ununue. Nilisema utazame."

3. Mbao kavu hutoka wapi?

Lubumbashi imezungukwa na misitu ya miombo. Humo hukua miti yenye mbao imara, kama vile mulombwa na mubanga. Lakini misitu hiyo imesogea mbali na mji, kwa kuwa miti mingi imekatwa kwa kuchoma makala ya kupikia. Tena katika miaka ya 2010 mti mwekundu uitwao mukula ulikatwa kwa wingi katika Haut-Katanga, ukasafirishwa ng'ambo, hasa Uchina. Mti mkubwa hukatwa kwa saa moja, lakini kukua kwake huchukua miaka mingi. Basi si ajabu mbao nzuri kuwa ghali.

Tena mbao zikinunuliwa mbichi, yafaa kungoja. Maseremala wengi huhesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila unene wa sentimeta 2 na nusu. Mbao hupangwa kivulini mahali penye upepo, na kati ya ubao na ubao hutiwa vijiti vyembamba ili hewa ipite. Hazianikwi juani, kwa maana jua kali hupasua.

Lakini maskini ana njia nyingine. Ubao wa zamani ni ubao uliokwisha kukauka. Mlango mbovu, fremu ya dirisha lililoondolewa, kitanda kilichovunjika, sanduku la mizigo: vitu hivi watu huvihesabu kuwa kuni. Seremala mwenye akili huona ndani yake mbao ambazo mtu mwingine amekwisha kuzingojea.

Lubumbashi ni mji wa migodi. Mashine na mizigo mingi huletwa humo juu ya vitako vya mbao viitwavyo paleti. Paleti nyingi zina boriti tatu chini, na vibao vyembamba juu yake. Baba alimwendea mwenye ghala mmoja, akaomba paleti iliyovunjika pembe moja. Mwenye ghala akamwuzia kwa bei ndogo. Angaliaye paleti iliyowekwa nje ya ukuta asidhani haina mwenyewe. Yapasa kuuliza kwanza. Benchi iliyoundwa kwa mbao za wizi hukaliwa kwa mashaka.

4. Alama iliyochomwa katika mbao

Baba alipoleta paleti nyumbani, mzee hakushika nyundo. Aliinama, akatafuta alama. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi huchomwa alama yenye picha ya suke la ngano, pamoja na herufi mbili za nchi ilikotengenezwa. Kisha hufuata herufi nyingine mbili, na hizo ndizo za kusoma kwa uangalifu.

Herufi HT maana yake mbao zilipashwa moto, hata ndani kabisa zikafikia digrii 56 kwa muda wa dakika 30, ili wadudu wafe. Mbao hizo zafaa nyumbani. Lakini herufi MB maana yake mbao zilifukizwa hewa ya sumu iitwayo methili bromidi. Hizo zisiundwe kitu cha nyumbani, wala zisitiwe motoni jikoni.

Mzee akanusa vibao, akavitazama pande zote. Akasema, "Migodini hutumiwa tindikali na dawa kali nyingine. Paleti yenye madoa ya rangi ngeni, au yenye harufu inayouma puani, iache, hata ikiwa ya bure. Mtoto atalalia ubao huu, na mtu atawekea chakula juu yake."

Paleti ya baba ilikuwa na alama ya HT, nayo haikuwa na doa.

Wakaibomoa polepole. Hawakuvivuta vibao kwa nguvu, kwa maana vingepasuka. Walipitisha msumeno wa chuma kati ya kibao na boriti, wakaikata misumari. Misumari iliyotoka mizima walitia katika kopo. Iliyopinda walinyosha juu ya jiwe. Mama aliwakataza watoto wadogo kukaribia bila viatu, kwa maana msumari wenye kutu ukichoma mguu waweza kuleta ugonjwa wa pepopunda.

5. Kupima

Mzee akasema, "Sasa mwiteni nkambo. Benchi ni yake, basi kipimo ni mguu wake."

Nkambo aliketi juu ya kiti, nyayo zikigusa chini. Binti akapima kutoka sakafuni hata nyuma ya goti. Ilikuwa sentimeta 42. Kiti kikizidi kipimo hiki, miguu hufa ganzi. Kikipungua sana, mzee hupata taabu kuinuka.

Boriti za paleti zilikuwa na urefu wa sentimeta 120, upana wa sentimeta 9, na unene wa sentimeta 4. Vibao vilikuwa na urefu wa sentimeta 120, upana wa sentimeta 10, na unene wa sentimeta 2. Paleti hazilingani zote; kila mtu apime ya kwake.

Baba akachukua kalamu, akatia alama ya mguu wa kwanza: sentimeta 42. Akashika msumeno. Binti akasema, "Baba, samahani, ngoja kidogo. Kibao cha kukalia kina unene wa sentimeta 2. Mguu ukiwa 42, benchi itakuwa 44."

Baba akaweka msumeno chini. Mzee akacheka, akasema, "Ubao mrefu hukatwa tena. Ubao uliokatwa mfupi haurefuki. Mtoto huyu amekuokolea boriti."

Basi wakaandika vipande vyote katika daftari kabla ya kukata hata kimoja:

Miguu 4, kila mmoja sentimeta 40.
Viungo vifupi 2 vya kuunga mguu na mguu, kila kimoja sentimeta 26.
Kiungo kirefu 1 cha katikati, sentimeta 95.
Vibao vya kukalia 3, kila kimoja sentimeta 120.
Vibao vya ubavuni 2, kila kimoja sentimeta 100.

Boriti ya kwanza ilitoa miguu 2 na kiungo kifupi 1. Boriti ya pili ilitoa vivyo hivyo. Boriti ya tatu ilitoa kiungo kirefu. Jueni pia kwamba msumeno hula ubao: kila mkato hupoteza karibu milimita 3. Anayesahau hesabu hiyo atapungukiwa mwishoni.

6. Ulimi na tundu

Zamani wachongaji wa Kiluba walichonga viti vya machifu kutoka gogo moja, bila msumari na bila kiungo. Baadhi ya viti hivyo hutazamwa leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Lakini kwa kazi ya namna hiyo yahitajiwa gogo nene na zima. Asiye na gogo ana vipande vidogo, na vipande vidogo havina budi kuungwa. Kuunga vizuri ndiko kunakomwezesha mtu mwenye vipande kuwa na kitu kikubwa.

Kiungo kilicho bora kwa kazi hii ni ulimi na tundu. Ncha ya kiungo hupunguzwa pande zote mbili, ubaki ulimi wa katikati wenye theluthi moja ya unene. Boriti ikiwa na sentimeta 4, ulimi huwa kama sentimeta 1 na milimita 3. Katika mguu hutobolewa tundu la kipimo kile kile, kwanza kwa keekee, kisha kwa patasi. Tundu lisifike ukingo wa juu wa mguu, la sivyo litapasuka.

Ulimi ukiingia wenyewe kama mkono katika shati, ni mwembamba mno. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu nyingi, utapasua mguu. Unapaswa kuingia kwa kugongwa kidogo kidogo.

Viungo vifupi vilikuwa na sentimeta 18 kati ya mguu na mguu, na ulimi wa sentimeta 4 kila upande. Ulimi ulipenya mguu hata ukatokea nje. Mzee akaukata mpasuko mdogo katika ncha yake, akapaka gundi, akagonga humo kabari nyembamba ya mti mkavu. Ulimi ukapanuka, wala haukuweza kurudi nyuma tena. Kiungo kirefu nacho kiliungwa hivyo hivyo, kutoka katikati ya kiungo kifupi kimoja hata cha pili.

7. Pembe mraba bila chombo cha dukani

Baba hakuwa na kipimo cha pembe. Mzee akamfundisha kukiunda kwa vipande vitatu vya kibao. Katika kipande kimoja alitia alama ya sentimeta 30 kutoka kona. Katika cha pili, sentimeta 40. Kisha akavisogeza hata kutoka alama hii mpaka ile zikawa sentimeta 50 kamili, akavifunga kwa kipande cha tatu. Pembe ya kona ile ni mraba sawasawa, wala haiwezi kukosea. Pembe tatu iliyofungwa haiyumbi, ila mpaka kuvunjika.

Miguu yote ilipokwisha kusimama, walipima mshazari: kutoka pembe moja hata pembe iliyo mbali nayo, kisha kutoka pembe ya pili hata mwenzake. Vipimo viwili vikilingana, benchi imenyoka. Visipolingana, husukumwa kidogo kabla gundi haijakauka.

Kisha vibao vya ubavuni viliwekwa kwa gundi na parafujo, vikishika miguu kwa nje, ili benchi isiyumbe mbele na nyuma. Mwisho vikaja vibao vitatu vya kukalia. Kati ya kibao na kibao waliacha nafasi ya milimita 3. Baba akauliza sababu yake. Mzee akasema, "Mwezi wa Novemba mvua itarudi. Mbao zitakunywa unyevu na kupanuka. Zikikosa nafasi, zitasukumana na kuinuka."

Palipotakiwa msumari, mzee aligonga kwanza ncha yake hata ikawa butu. Msumari wenye ncha kali hutenga nyuzi na kupasua ubao. Ulio butu huzivunja nyuzi na kupita.

Benchi ilipowekwa juu ya sakafu, ilicheza kidogo. Baba akataka kukata mguu mmoja. Mzee akamzuia: "Wengi hukata huu, kisha ule, kisha huu tena, na mwisho benchi huwa kigoda." Wakaiweka mahali palipo sawa kabisa, wakatia vijiti chini ya mguu mfupi hata benchi ikatulia. Ndipo wakachukua kibao chembamba, wakakilaza chini, wakazungusha kalamu juu yake kwenye miguu yote minne. Walipokata kwa kufuata mistari ile, benchi ikasimama imara. Miguu ikapakwa rangi chini, kwa sababu ncha ya ubao hunywa maji kuliko ubavu, na mahali penye unyevu mchwa hupapenda.

8. Mtu wa kwanza kuketi

Kazi ilichukua Jumamosi tatu za mwezi wa Agosti. Fedha iliyotoka mkononi mwa baba ilikuwa ya paleti, gundi, parafujo, msasa na rangi kidogo. Vyombo aliazimwa na mzee, akavirudisha vikiwa safi na patasi ikiwa imenolewa.

Nkambo aliitwa. Alisimama mbele ya benchi, asiketi. Watoto wakangoja. Kisha akasema, "Mwanangu, keti wewe kwanza."

Baba akaketi. Akasogea mpaka ukingoni kabisa, mahali alipoangukia mama yake, akayumba kwa makusudi huku na huku. Benchi haikulia. Ndipo nkambo akaketi kando yake, nyayo zake zikagusa chini. Akapapasa ubao kwa mkono wake wa kuume, akasema tu, "Huu hausogei."

Mwezi wa Novemba mvua ilirudi. Nafasi kati ya vibao ikawa nyembamba, lakini hakuna kibao kilichoinuka. Jioni watoto walipiga magoti juu ya mkeka, wakaandika kazi zao juu ya benchi, nkambo akiwa ameketi upande mmoja. Na nyuma ya nyumba, kivulini, baba alikuwa amekwisha kupanga mbao nyingine na vijiti kati yake. Zilikuwa za meza. Alipoulizwa ataiunda lini, alijibu, "Zikikauka."

Maneno

Kabari: kipande cha mti chembamba upande mmoja, cha kukaza au kupasulia.
Keekee: chombo cha kutobolea matundu.
Mbabula: jiko la makala.
Mshazari: mstari upitao kutoka pembe hata pembe iliyo mbali nayo.
Patasi: chombo chenye makali cha kuchongea matundu.

Maswali

1. Taja makosa matatu ya benchi ya kwanza.
2. Kwa nini ubao unaokauka hupungua upana kuliko urefu?
3. Herufi HT na MB katika paleti zina maana gani?
4. Boriti tatu za sentimeta 120 ni sentimeta ngapi jumla? Miguu, viungo vifupi na kiungo kirefu ni sentimeta ngapi? Zimebaki ngapi kabla ya kuhesabu mikato ya msumeno?
5. Kwa nini nkambo alimtaka baba aketi kwanza?

Kazi ya kufanya

Pima kutoka sakafuni hata nyuma ya goti lako. Kisha pima kimo cha kiti unachokalia shuleni. Je, vinalingana?